Kwa Nini Maziwa Huchemshwa

Mwezi huu tumechagua maziwa mabichi, ambayo baadhi ya nyumba zetu za Mayfair na Fordsburg hupenda kuyaagiza kutoka mashambani kwa ajili ya mtindi.

Maziwa yatokayo kiweleni yana kimeng'enya kiitwacho fosfatasi. Vimeng'enya ni protini, na kila kimoja hufanya kazi kwa sababu ya umbo lake: mnyororo mrefu uliokunjwa, ukaacha kishimo ambamo kitu maalumu tu huingia na kubadilishwa. Joto likizidi, mikunjo hufunguka, kishimo hupotea, na kazi husimama. Tazameni ute wa yai lililochemshwa. Hata likipoa haurudi kuwa majimaji.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Uingereza walilitumia jambo hilo kwa werevu. Fosfatasi huharibika kwa joto lililozidi kidogo tu lile linaloua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe. Basi mkaguzi hahitaji kuvisaka vijidudu vyenyewe, kazi ya majuma kadhaa, hupima fosfatasi. Ikiwa ingali inafanya kazi, maziwa hayakupashwa vya kutosha, au yamechanganywa na mabichi. Kiwandani hupashwa kwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa.

Hapa Johannesburg, mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 au 95, si 100 kama Unguja na Mombasa. Kwa maziwa upungufu huo haudhuru. (Maharage ndiyo yanayotaka muda zaidi, nayo tutayazungumza siku nyingine.)

Tunachokihofia ni desturi ya kuyagandisha yangali mabichi, kwa kudhani kuwa uchachu huyasafisha. Uchachu hautoi dhamana hiyo. Homa ya brusela, inayopatikana katika maziwa ya ng'ombe na mbuzi wagonjwa, huweza kumsumbua mtu miezi mingi, na kwa mja mzito huweza kuharibu mimba.

Basi chemsheni kwanza, msubiri yawe vuguvugu, ndipo mtie kijiko cha mtindi wa jana. Mkikitia yangali moto, vijidudu vya kugandisha navyo vitakufa pamoja na vimeng'enya vyao, na asubuhi mtayakuta maziwa vilevile kama mlivyoyaacha.