Bei za mashine za gemu: Chambo kisichofika Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WAPENZI wa michezo ya video mjini Dodoma, pamoja na vijana wanaojipatia riziki kwa kuendesha vibanda vya michezo hiyo, wamezoea mbinu moja ya kununua mashine mpya, nayo ni kusubiri. Toleo jipya likizinduliwa Japan au Marekani, huachwa kwanza lishuke bei, kisha hutafutwa Kariakoo, mara nyingi likiwa limekwisha kutumika.

Mbinu hiyo sasa imegonga mwamba. Ili kuelewa sababu zake, ni lazima kutazama namna kampuni kubwa zinavyopanga bei ya mashine siku inapoingia sokoni.

Katika biashara hii mashine ni chambo. Kampuni inaweza kuiuza kwa bei isiyorudisha hata gharama za kuitengeneza, ikitegemea kuvuna faida baadaye kutokana na michezo, vifaa vya ziada na ada za kucheza kwa mtandao. Bei ya kwanza ndiyo inayoamua ni nyumba ngapi zitaingia katika mtego huo.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Mei 1995, katika maonyesho ya E3 mjini Los Angeles. Sega ilitangaza kuwa mashine yake ya Saturn ingeuzwa dola 399 za Marekani. Siku hiyo hiyo ofisa wa Sony, Steve Race, alipanda jukwaani, akatamka bei ya PlayStation kuwa 299, kisha akashuka. Sega haikupona pigo hilo, na mwaka 2001 ilijitoa kabisa katika utengenezaji wa mashine.

Hata hivyo, Sony yenyewe ilisahau somo hilo mwaka 2006, ilipozindua PlayStation 3 kwa dola 499 na dola 599 kulingana na toleo. Nintendo ilileta Wii kwa dola 249, nayo ikauza zaidi ya mashine milioni 100, huku PlayStation 3 ikiishia chini ya milioni 90.

Nintendo nayo ilikosea mwaka 2011. Mashine yake ndogo ya 3DS ilianza kwa dola 249, wanunuzi wakasita, na baada ya miezi michache ikashushwa hadi dola 169. Rais wa kampuni hiyo wakati huo, hayati Satoru Iwata, alikatwa nusu ya mshahara wake.

Swali la msingi kwa msomaji wa Dodoma ni kama ushindani huo unamsaidia. Jibu ni kwamba unamsaidia kidogo sana, kwa kuwa chambo hutupwa pale tu mvuvi anapotarajia kupata samaki. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zenye duka rasmi la mtandaoni la PlayStation, na kwa miaka mingi vibanda vingi viliendeshwa kwa nakala za michezo zisizo halali. Kampuni isiyopata chochote kutokana na michezo haina sababu ya kufidia bei ya mashine.

Hivyo mashine hufika kupitia kwa wafanyabiashara wa kati. PlayStation 5 ilipozinduliwa Novemba 2020 kwa dola 499, bei hiyo ilikuwa sawa na takriban Sh1.15 milioni. Ikiongezwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotozwa bidhaa nyingi zilizokamilika kutoka nje ya Afrika Mashariki, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inakaribia Sh1.7 milioni. Hapo bado usafiri, tozo nyingine na faida ya muuzaji wa Dar es Salaam na yule wa Dodoma.

Kwa kulinganisha, Mei Mosi 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000. Hata kwa kiwango hicho kipya, mashine hiyo inameza mshahara wa zaidi ya miezi mitatu.

Mwenye kibanda naye ana hesabu yake. Iwapo atatoza Sh500 kwa mchezo mmoja, atahitaji michezo 3,400 kurudisha Sh1.7 milioni, kabla ya kulipia umeme, pango na runinga. Ndiyo maana mvumilivu alikula mbivu: PlayStation 2, iliyoanza kwa dola 299 mwaka 2000, ilishuka hadi dola 99 mwaka 2009, na kwa njia hiyo ikaingia mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Safari hii mbivu hazionekani. Agosti 2025, karibu miaka mitano baada ya uzinduzi, Sony haikushusha bei ya PlayStation 5 nchini Marekani, bali iliipandisha kutoka dola 499 hadi 549, ikitaja hali ngumu ya uchumi. Microsoft nayo ilipandisha bei za Xbox mwaka huo huo. Mashine mpya isiposhuka, hata iliyotumika haishuki.

Wakazi wa Dodoma waliwahi kuonja biashara ya aina hii kwa sura nyingine. Januari 31, 2013, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa mkoani humo, walilazimika kununua ving'amuzi. Lakini kampuni ya king'amuzi ina wakala mtaani na hupokea malipo ya kila mwezi kwa simu, hivyo ina sababu ya kumrahisishia mteja kifaa cha kuanzia.

Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha njia. Malipo kwa simu yamekuwapo nchini tangu mwaka 2008, na soko linakua: Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012, na 765,179 katika ile ya 2022. Kampuni zikiruhusu mchezaji wa Tanzania kununua mchezo kihalali kwa shilingi zake, zitapata sababu ya kujali bei anayouziwa mashine.

Kwa upande wake, Serikali inaweza kujiuliza kama kifaa kinachomwajiri kijana kistahili kutozwa ushuru sawa na pambo la sebuleni. Yasipofanyika hayo, mashine za zamani zitaendelea kuchakaa bila mbadala, na wateja wa vibanda watahamia kwenye simu zao za mkononi. Mwenye kibanda hatakuwa na cha kuwauzia.