WIMBO HUJIBIWA KWA WIMBO

Mwishoni mwa Machi 2017 lilitokea jambo ambalo twaona linafaa kukumbushwa. Msanii wa muziki wa kufokafoka, Nay wa Mitego, alikamatwa na polisi mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", ulioinyoshea kidole serikali, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga wimbo huo marufuku. Kabla wino wa tangazo haujakauka, Waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa alieleza kwamba Rais John Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo uliacha swali ambalo mpaka leo halijapata jibu. Ikiwa wimbo ulikuwa mbaya jana, umekuwaje mzuri leo, ilhali haukuongezwa wala kupunguzwa neno? Kilichobadilika si wimbo, bali ni kauli ya mkubwa. Na haki itolewayo kwa hisani ya mkubwa yaweza kuondolewa na mkubwa huyo huyo, au na mwingine ajaye baada yake. Ushahidi haukukawia. Februari 2018 nyimbo zaidi ya kumi zilizuiwa kupigwa redioni na katika televisheni, zikiwamo za msanii huyo huyo. Mwaka 2024 wimbo wake mwingine, "Nitasema", nao ukafungiwa.

Wako wasemao kwamba muziki huu ni uhuni ulioletwa na meli na ndege, wala si utamaduni wetu. Ni kweli kwamba hip-hop ilianzia mtaa wa Bronx, mjini New York, mwaka 1973, miongoni mwa vijana weusi na wahamiaji waliokuwa hawana cha kupoteza. Lakini tangu Saleh Jabir alipoyatia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgeni huyo amekwisha kuwa mwenyeji. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", akiwakejeli wanasiasa kwa ahadi zao zisizotimizika, na nchi nzima ikaangua kicheko kwa kuwa iliwatambua. Mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini walimpeleka Bungeni Joseph Mbilinyi, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Mr. II, na mwaka 2015 wale wa Mikumi wakamchagua Joseph Haule, yaani huyo huyo Professor Jay. Wapiga kura hao hawakuona uhuni. Waliona watu wanaojua kusema yaliyo moyoni mwa wenzao.

Wala kusema kwa vina si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliuingia ugomvi wa Mvita na Sultani kwa mashairi, na twamheshimu hadi leo. Kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, zilijaa malenga waliofumbiana na kufumbuliana. Aliyerushiwa shairi alijibu kwa shairi, na hukumu ikabaki kwa wasomaji. Hiyo ndiyo mila ambayo vijana wa leo wameirithi, wajue au wasijue.

Hatusemi kwamba wimbo hauna mpaka. Anayemchafulia mtu jina, au anayechochea chuki kati ya watu, astahili kuulizwa. Lakini kwa hayo zipo sheria na zipo mahakama, ambako mlalamikaji husimama hadharani na mlalamikiwa akapewa nafasi ya kujitetea. Baraza la Sanaa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, lilipewa kazi ya kuikuza sanaa. Twalishauri, kwa heshima zote, kwamba kabla ya kuufungia wimbo wowote lieleze hadharani ni mstari upi unaolalamikiwa na ni kifungu kipi cha sheria kilichovunjwa. Limsikilize msanii kwanza. Na njia ya kukata rufaa iwe ya wazi na ya haraka. Msanii asiyejua mpaka uko wapi hutishika hata akiwa mbali nao, na huo woga huua nyimbo nyingi kabla hazijatungwa.

Na kwa wasanii wetu tuna neno pia. Kufokafoka si kutukana. Mtunzi mwenye hoja hahitaji tusi, na mwenye tusi tupu humpa mkasi yule atakaye kumkata ulimi. Muyaka hakukumbukwa kwa ukali wake peke yake, bali kwa lugha aliyoifinyanga. Chagueni maneno yenu kwa uangalifu huo huo, kwani kizazi kizima chajifunza Kiswahili vinywani mwenu.

Kufuli haijapata kumaliza maovu yanayoimbwa. Msanii akisema kwamba wabaya wapo, njia ya kumnyamazisha ni moja tu: kuhakikisha kwamba hawapo.