Fungueni Stoo za Vitabu

Mtoto wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, anayemsaidia mama kuuza ndizi kando ya foleni ya malori huzungumza Kiteso nyumbani, Kiswahili na madereva, na Kiganda kidogo na wanaovuka kutoka Uganda. Hakuna aliyempa orodha ya kukariri. Mtoto huyohuyo akifika darasani anaandikiwa ubaoni maneno ishirini magumu ya Kiingereza, ayanakili, ajaribiwe Ijumaa, ayasahau Jumatatu.

Halafu tunaambiwa Kiingereza chake ni duni kwa sababu ya lugha za mpakani. Sivyo. Lugha hizo ndizo ushahidi kwamba maneno yanamkaa kichwani akikutana nayo kila siku. Kumvika kibao shingoni kwa kusema Kiteso uwanjani hakumwongezei neno hata moja la Kiingereza.

Sasa akutane na Kiingereza wapi? Sokoni hakipo, na nyumbani mara nyingi hakipo. Kipo vitabuni. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na baadhi ya shule zina vitabu vya hadithi kutoka kwa wafadhili pia. Ukiuliza viko wapi, unajibiwa viko stoo, visichanike. Huko ni kufungia unga huku watoto wanalala njaa. Kitabu kilichobaki kipya miaka mitano hakijasomwa na mtu.

Hasara yake ni kubwa. Kuanzia Gredi ya Nne, hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayekosa maneno anakosa karibu masomo yote. Akifika sekondari, anatakiwa kuandika insha za Kiingereza. Aliyekariri misemo ya mapambo ataibandika hata pasipofaa, kwa kuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi ndani ya hadithi.

Dawa tunaijua sote. Nusu saa ya kusoma kimya kila asubuhi, mwalimu naye akisoma. Ijumaa kila mtoto aende nyumbani na kitabu cha hadithi. Vichache vitapotea, shule ivitengee bajeti, kama inavyotenga ya chaki. Mzazi asiyejua Kiingereza amwambie mtoto asome kwa sauti, kisha amsimulie hadithi yote kwa Kisamia au Kiteso. Mtoto akikwama, arudi kwenye ukurasa.

Walimu wakuu wa Matayos na Teso Kaskazini, huku mpakani, wanaweza kuanza Jumatatu hii. Funguo wanazo.