Je, Tununue Kioo cha Kulinda Kioo?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugawanya sisi wanachama wa chama cha wapiga picha. Sandukuni tuna faranga 40,000. Wenzetu wengi wanataka zote zitumike kununua filta za kukinga lenzi zetu mbili. Mimi nasema hapana, na sina budi kueleza kwa nini.

Habari hii ilianzia kwenye uwanja wa maonyesho ya biashara hapa Gikondo, mwezi wa Agosti. Muuzaji mmoja aliwaambia wenzetu kwamba lenzi isiyo na filta ni kama mtoto aliyetoka uchi kwenye mvua. Maneno hayo yaliwaingia sana. Tena kamera yetu ni zawadi ya mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na hakuna anayetaka kuonekana ameiharibu. Hofu hiyo hata mimi ninayo.

Lakini kwanza tujue filta hiyo ilitengenezwa kwa kazi gani. Zamani watu walipopiga picha kwa filamu, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, iliigusa filamu na kuifanya milima ya mbali ionekane ya buluu na yenye ukungu. Filta iliizuia. Kamera za siku hizi huizuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo zenyewe, ndani kwa ndani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya filta imekwisha, ikabaki kuuzwa kama ngao.

Je, ni ngao njema? Wakati mwingine, ndiyo. Barabara zetu za udongo mwekundu hutimka vumbi katika miezi ya Juni hadi Agosti, na anayepiga picha kando ya uwanja wa mpira hurushiwa tope. Vile vile ufukoni Zanzibar, upepo hubeba chumvi ya bahari. Hapo ni afadhali kufuta filta mara kumi kuliko kufuta lenzi.

Ila kamera ikianguka, mambo ni mengine. Kioo cha filta ni chembamba, cha mbele ya lenzi ni kinene. Filta huweza kuvunjika kwa pigo ambalo lenzi ingelistahimili, na vipande vyake vikaikwaruza lenzi ile ile tuliyotaka kuilinda. Wenzetu wakiona filta imepasuka husema, "Imeiokoa lenzi!" Pengine imeiokoa, pengine imepasuka bure.

Tena kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha nyuma kama sehemu 4 katika 100 za mwanga. Filta ina nyuso mbili, basi hesabu yake ni 8. Filta nzuri zilizopakwa dawa hupunguza hasara hiyo sana, lakini hizo ni ghali, nasi tunaelekea kununua zile rahisi. Niliazima moja ya namna hiyo usiku wa nyimbo za Noeli. Kila mshumaa ulionekana mara mbili: mmoja mkononi mwa mwimbaji, na mwingine, wa kijani kibichi, ukielea kichwani pa mwenzake. Picha zile hazikufaa kitu, na usiku ule haurudi.

Wengine watauliza, "Je, mkwaruzo?" Nilibandika kipande cha karatasi, kidogo kama punje ya mtama, mbele ya lenzi, nikafungua tundu lake wazi kabisa na kupiga picha ya kilima cha ng'ambo. Karatasi haikuonekana, kwa maana lenzi ilikuwa ikitazama mbali. Mkwaruzo mdogo nao huwa vivyo hivyo. Kinachoharibu picha zaidi ni alama za vidole na mafuta yaliyosambaa kioo kizima. Na mikwaruzo yenyewe mara nyingi tunaileta sisi wenyewe. Punje za mchanga ni ngumu kuliko kioo, na tukifuta vumbi kwa shati la shule tunazisugua papo hapo. Nakiri kwamba hata mimi nimefanya hivyo.

Kuna adui mwingine ambaye filta haimwoni. Miezi ya mvua, hasa Machi hadi Mei, kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani penye unyevu. Nasi kwa kuitunza mno kamera yetu tumeifungia kwenye mfuko wa ngozi, mfuko ndani ya kabati, na kabati kwa kufuli. Kamera hulindwa pia kwa kutumiwa.

Wasomaji wapenzi, katika nyumba nyingi za nchi yetu picha zilipotea au kuteketea wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Katika ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba kilichotundikwa picha za marehemu zilizoletwa na jamaa zao. Mama yangu hana hata moja ya baba yake. Huniuliza kila likizo kama nimemletea picha ya kwenye karatasi, si ya simu, nami kila likizo husema bado. Kwa hiyo nionapo fedha za picha zikienda kwenye vioo, moyo huniuma.

Shauri langu ni hili. Tununue filta moja tu, iliyo nzuri, ya siku za vumbi na tope, na usiku tuivue. Tununue kofia mbili za lenzi, yaani zile bomba fupi za plastiki zinazozuia jua la ubavuni na kupokea pigo la kwanza kamera ikigonga ukuta. Tuongeze mpira wa kupulizia vumbi, kitambaa laini, na vifuko vya kunyonya unyevu. Vifuniko tunavyo, tuvirudishe mahali pake kila mara. Fedha zitakazosalia tuchapishe picha, kila mwanafunzi wa mwaka wa sita apate moja ya kupeleka nyumbani.

Na wewe ndugu uliyetupa kamera hii, ukija siku moja ukaikuta na alama ndogo kwenye kioo, usitukasirikie. Omba kwanza uonyeshwe picha.

Wako,
Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita,
Gikondo