Kiwango cha figo: tuanze na watu 40

Mama wa miaka 65 kutoka Kitaya na kijana wa miaka 25 anayevua Msimbati, hapahapa Mtwara, wanapimwa figo siku moja. Kreatinini ya kila mmoja inasoma mikromoli 100 kwa lita. Karatasi zao za majibu zina kiwango kilekile, 53 hadi 115, na wote wawili wanaambiwa waende nyumbani, figo ni nzima.

Za kijana, sawa. Za mama, hapana. Ingiza hiyo 100 kwenye fomula iliyotolewa mwaka 2021, ile inayouliza umri na jinsia, utaona figo za kijana zinachuja kama mililita 92 kwa dakika na za mama kama 54. Chini ya 60, ikidumu miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mama alitakiwa aitwe tena, apimwe mkojo na presha, aulizwe ni vidonge gani vya mgongo anavyonunua kila wiki duka la dawa. Badala yake amepanda bodaboda na karatasi yake nzuri mkononi. Watu hawa wawili tumewatunga. Hesabu hatukuitunga, mtaalamu yeyote wa maabara anaweza kuirudia kwenye simu yake sasa hivi.

Hiyo 53 hadi 115 na ndugu zake hutoka wapi? Mara nyingi hutoka ndani ya boksi. Ukifungua kitendanishi unakuta karatasi imekunjwa mara nyingi, maandishi ya kusoma kwa miwani, na humo mtengenezaji ameandika viwango alivyovipata kwa watu wa huko kwao. Mistari michache chini yake, karatasi hiyohiyo kwa kawaida humwambia mwenye maabara ahakikishe kama viwango hivyo vinawafaa watu anaowahudumia. Mstari wa kwanza tunaunakili kwenye kompyuta. Wa pili tunautupa pamoja na boksi.

Msimu wa korosho ukikaribia, Wakala wa Vipimo hupita kwenye vyama vya msingi kukagua mizani na kubandika stika. Mkulima akikuta mizani haina stika, hapandishi gunia lake, na hakuna wa kumlaumu. Mkulima huyohuyo akienda kupima figo, anapimwa kwa kiwango ambacho hakuna aliyekikagua kwa watu wa huku, na wala haulizi. Hata sisi magazeti hatuulizi.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo huichuja na kuitoa kwa mkojo, na zikichoka inabaki kwenye damu. Mwenye misuli mikubwa huizalisha kwa wingi, mwembamba kidogo. Aliyekula nyama nyingi jana usiku inapanda. Aliyekula ugali wa muhogo na kisamvu haina sababu ya kupanda. Kwa mjamzito inashuka. Kwa aliyeshinda juani kwenye mashamba ya chumvi bila kunywa maji, inapanda. Sasa mpaka wa juu uliopatikana kwa watu wenye miili na vyakula vya kwingine utamfaa vipi mama mwembamba wa Mahurunga? Kwake kreatinini inaweza kupanda kutoka 50 hadi 100, maana yake figo zimepoteza kama nusu ya kazi yake, na mashine bado haijaweka pembeni ya jibu ile herufi H ya kuonya kwamba limepita mpaka wa juu.

Wengi wakisikia viwango vya kigeni huwaza upande mmoja tu, kwamba mzima ataitwa mgonjwa. Hilo lipo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 2,105 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakiwemo wa Kilifi, watu wa pwani kama sisi. Majibu yao yalipowekwa kwenye jedwali la Marekani linalotumika katika majaribio ya dawa, zaidi ya theluthi moja walionekana wana kasoro. Hawakuwa na kasoro yoyote. Lakini kwa figo, upande wa pili ndio unaoua: mgonjwa kuitwa mzima. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya watu zaidi ya 2,500 wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini. Waliwachoma sindano ya dawa maalumu, wakaangalia figo zinaiondoa kwa kasi gani, kisha wakalinganisha na fomula za kreatinini. Fomula zilizipa figo sifa zisizostahili, na wagonjwa halisi huenda ni zaidi ya mara mbili ya wanaohesabiwa kwa kreatinini. Kwa hiyo hata ile 54 ya mama wa Kitaya huenda ni ya kumpendelea.

Na usidhani wagonjwa wenyewe wanajua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Moshi ulikuta watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na kati ya hao, kama mmoja tu katika kumi alikuwa na habari. Wengine hujua siku miguu imevimba na daktari anazungumzia kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na hapo familia inaanza kuuza shamba.

Mbeya walichapisha viwango vya watu wazima wa kwao mwaka 2008. Kericho, Kenya, mwaka huohuo, kwa watu zaidi ya 1,500. Mtwara hatumo kwenye orodha hiyo, na sisi tuna kichocho cha mkojo ambacho huziba mirija inayoshusha mkojo na kuharibu figo polepole bila kelele.

Cha kufanya kinajulikana miaka mingi. Ukitaka kutengeneza kiwango chako mwenyewe kwa utaratibu unaokubalika kimataifa, unahitaji watu wenye afya wasiopungua 120 kwa kila kundi: wanaume 120, wanawake 120. Unapanga majibu yao kuanzia dogo hadi kubwa, unakata asilimia mbili na nusu chini na mbili na nusu juu, kilichobaki katikati ndicho kiwango. (Ndiyo maana mtu mmoja kati ya 20 wenye afya atatoka nje ya kiwango chochote kile, hata kizuri. Madaktari wanajua; wagonjwa hawaambiwi, wanakesha.)

Lakini si lazima kuanzia huko. Utaratibu huohuo unaruhusu maabara kukagua kiwango cha kuazima kwa watu 20 tu wa kundi husika. Wasipozidi wawili watakaoangukia nje, kitumie. Wakiwa watatu au wanne, tafuta 20 wengine urudie; wakizidi wawili tena, au wakifika watano mara ya kwanza, kiwango hicho si chako. Wanaume 20, wanawake 20. Watu 40. Ukaguzi huu hauoni kila kitu, kwa sababu kiwango kipana mno kinaweza kuupita. Basi tazama pia majibu yamekaa wapi. Kama wanawake wote 20 wamejibana chini ya 80 na mpaka wako wa juu ni 115, huhitaji profesa wa kukuambia kwamba mpaka uko mbali na watu.

Pa kufanyia papo. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ndanda kuna hospitali ya wamisionari yenye historia ndefu kuliko mkoa wenyewe. Na watu wa kuanzia nao wanajileta: Damu Salama wana kituo cha kanda hapahapa Mtwara, na wachangiaji damu wanapimwa tayari virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Omba ridhaa yao, ongeza mrija mmoja, wapime presha, sukari na mkojo, umekamilisha wanaume kabla ya saa sita mchana. Wanawake ni kazi zaidi. Anayechangia damu lazima afike kilo 50, kwa hiyo wale wembamba ambao kiwango cha kuazima kinawaonea ndio hutawapata pale. Hao wafuatwe vijijini.

Uchaguzi wa watu nao usiwe wa kubahatisha. Mwenye presha au kisukari asiingizwe. Mjamzito awe na kundi lake. Mkojo wenye damu au protini, mtu huyo apelekwe kwenye matibabu, si kwenye orodha. Aliyekunywa diklofenaki wiki hiyo, au mitishamba, asubiri. Anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegravir naye akae pembeni, maana dawa hiyo hupandisha kreatinini kidogo bila kuidhuru figo.

Visingizio tumevisikia. “Tunasubiri Wizara.” Ukitaka kuchapisha utafiti kwenye jarida, ndiyo, utahitaji kibali cha maadili. Kukagua kiwango unachokichapa kila siku kwenye karatasi yako ni kazi yako ya ubora, na maabara inayojivunia cheti cha ISO 15189 inadaiwa kazi hiyo hata asipokuja mkaguzi.

“Hatuna bajeti.” Ya mirija 40? Ya kitendanishi cha asubuhi moja na chai na maandazi kwa waliokuja bila kula? Halmashauri inayopokea ushuru wa huduma wa gesi ya Mnazi Bay isituambie hivyo.

“Mashine zinatofautiana.” Kweli kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kuifanya kazi, si ya kuikwepa. Maabara nyingi bado zinatumia njia iliyogunduliwa na Max Jaffe mwaka 1886, ya bei nafuu, ambayo sukari nyingi au umanjano kwenye damu huweza kuivuruga. Nyingine zinatumia njia ya vimeng'enya, ya ghali na safi zaidi. Basi kila maabara ikague kwa mashine yake na kuandika kwenye karatasi imetumia njia gani. Na ikishaandika njia, iandike na kipimo. Mgonjwa anapewa 1.2 kwenye maabara binafsi, wiki ijayo anapewa 106 hospitalini, anatoka jasho. Ni kiasi kilekile: namba ya kwanza ni miligramu kwa desilita, ya pili mikromoli kwa lita. Nani alimweleza?

Kuna mambo ambayo hayahitaji hata hao watu 40. Leo hii maabara inaweza kutenganisha kiwango cha wanaume na cha wanawake. Leo hii inaweza kuweka chini ya kreatinini mstari mmoja zaidi unaoonyesha figo zinachuja kiasi gani kwa umri na jinsia ya mgonjwa, kwa fomula ya 2021 ambayo haina tena ile nyongeza ya watu weusi. Nyongeza hiyo iliwahi kuzipandishia figo zetu alama kwa karibu asilimia 16, kwenye karatasi tu. Mashine inayotoa majibu kwa kompyuta hupangwa mara moja. Isiyo na kompyuta, kikokotoo cha simu kinatosha.

Mganga Mkuu wa Mkoa awaite wakuu wa maabara zake, apange wiki. Mwezi wa sita unafaa: mvua zimekatika, njia ya Kilambo inapitika na korosho hazijaanza kudondoka, kwa hiyo wazee wa Mahurunga, Kitaya na Tangazo watapatikana majumbani. Gari liondoke alfajiri na mashine ndogo ya kutenganisha damu, boksi la barafu na mtu anayejua Kimakonde.