Wepesi wa Damu Si Kinga



Upo usemi unaorudiwa vijiweni na hata katika meza za wasomi: kwamba shinikizo la juu la damu ni ugonjwa wa wanaume, kwani mwanamke hupata hedhi na damu yake ni nyepesi. Usemi huu ni wa hatari hasa kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tuanze na hiyo nusu. Damu, kama uji, ina mnato: ikiwa nzito hupita kwa shida, ikiwa nyepesi hutiririka. Uzito huo hutokana zaidi na chembe nyekundu. Katika damu ya mwanamume mzima chembe hizo ni takriban asilimia 45. Katika damu ya mwanamke, takriban asilimia 40. Homoni ya testosteroni huchochea utengenezaji wake, ilhali hedhi huzipunguza. Ni kweli pia kwamba, kwa wastani, mwanamke wa umri wa kuzaa ana shinikizo la chini kuliko mwanamume wa rika lake.

Lakini wastani haumkingi mtu mmoja mmoja. Mnato ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi. Chumvi, unene, maradhi ya figo na urithi havibagui jinsia. Baada ya ukomohedhi shinikizo la mwanamke hupanda, na uzeeni wanawake huwafikia wanaume au hata kuwapita. Tena mimba ina hatari yake: shinikizo likipanda, huweza kufuatiwa na kifafa cha mimba, kiuacho mama na mtoto. Je, hapo wepesi wa damu humwokoa nani?

Wataalamu nao wana lawama. Mwaka 1982 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu kuzuia maradhi ya moyo, shinikizo la damu likiwamo. Walioshiriki walikuwa 12,866, wote wanaume. Hadi mwaka 1993 ndipo sheria ya nchi hiyo ilipolazimisha wanawake wajumuishwe katika tafiti za tiba zinazogharimiwa na serikali.

Na hapa kwetu Uganda? Mama mjamzito hupimwa kliniki. Akishajifungua, mara nyingi husahauliwa. Wanaume wengi hawapimwi mpaka waanguke. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu duniani hawajui kwamba wanao.

Katiba yetu ya mwaka 1995 inaitaka serikali ichukue hatua zote zinazowezekana ili wananchi wapate huduma za msingi za tiba. Kupima shinikizo ni huduma ya msingi: mkanda wa mkononi na dakika chache. Basi tudai kwamba kila mtu mzima aingiaye kituo cha afya, awe ameletwa na malaria au jeraha, apimwe kabla ya kutoka, na vituo vipewe vipimo vilivyo vizima.

Nanyi, jioni ya leo, waulizeni mama, baba na shangazi: mlipimwa lini mara ya mwisho? Asiyekumbuka, msindikizeni kituoni. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Huyu adui yumo ndani zaidi ya nguo, naye haumi mpaka achelewe kutibiwa.