Neno la Mhariri: Uzamili Bila Mtoto

Msimamizi wa tasnifu za elimu maalumu jijini Nairobi anaweza kukisia kichwa cha tasnifu kabla hajafungua bahasha. Kitaanza na "Vipengele vinavyoathiri", kitapitia "utekelezaji wa elimu jumuishi", kisha kitatua kwenye kaunti ndogo fulani: Dagoretti, Westlands, Lang'ata au Kibra. Ndani mna hojaji ya walimu, mahojiano na mwalimu mkuu, majedwali ya asilimia, na pendekezo kwamba serikali iongeze vifaa na walimu wapelekwe semina. Mtoto ambaye shahada nzima imeanzishwa kwa ajili yake anaonekana mara moja tu, kwenye safu ya idadi ya wanafunzi.

Lawama naianzia hapa ofisini. Tangu viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014, mwanafunzi wa uzamili anatakiwa kuchapisha makala moja kutokana na utafiti wake, na wa uzamivu makala mbili. Majarida kama hili yakageuka stendi: watu wanashuka, wanapigiwa muhuri, wanaendelea na safari. Tumechapisha makala ya sampuli hiyo bila kuuliza maswali mengi, kwa sababu yalikuwa yameandikwa vizuri na hayakuwa na kosa la takwimu. Kukosa kosa si sawa na kuwa na jambo la kusema.

Mwalimu mkuu mmoja, wa shule ya umma yenye kitengo maalumu upande wa magharibi wa jiji, aliwahi kunivutia droo ya meza yake. Ilijaa nakala za vibali vya utafiti vya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, barua za utambulisho za vyuo na hojaji zilizosahaulika. Shule yake ina bahati mbaya ya kuwa mahali ambapo matatu ya 46 inafika bila shida, kwa hiyo kila mtafiti asiyetaka kwenda mbali huishia kwake. Walimu wake wa kitengo wamejaza mtazamo wao kuhusu elimu jumuishi, kutoka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", mara nyingi kiasi kwamba mtazamo wenyewe umechakaa. Nilimuuliza ni wangapi kati ya wageni hao waliorudi na matokeo. Alicheka, akasukuma droo ikafunga.

Ilhali jiji hili halikukosa mahali pa kujifunzia. Jacaranda, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, ilizaliwa mwaka 1968 shule mbili, ya St Nicholas na ya Aga Khan, zilipounganishwa. City Primary pale Ngara ina kitengo cha watoto wenye usonji kilichoanza mwaka 2003. Kilimani Primary huwaketisha watoto wasioona pamoja na wanaoona, na wasichana wasioona wamesomea Moi Girls Nairobi, karibu na Ngong Road, miaka na mikaka. Zote hizi unazifikia kutoka katikati ya mji na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ingia katika kitengo cha kawaida cha shule ya umma, Kawangware au Kangemi, na utakuta katika chumba kimoja mtoto wa miaka saba mwenye usonji asiyesema, kijana wa kumi na sita mwenye ulemavu wa akili aliyeanza kutoa ndevu, msichana mwenye mtindio wa ubongo ambaye kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wa choo, na mwalimu mmoja. Pengine na mlezi, ikiwa wazazi wamechanga. Chumba hicho kina maswali ya uzamili kumi kabla ya kengele ya mapumziko. Msichana huyu ataombaje kwenda choo? Huyu asiyesema anapiga kichwa ukutani saa ngapi, baada ya nini, na tukiondoa nini ataacha?

Daktari bingwa wa watoto hafuzu pale Hospitali ya Kenyatta kwa kuwagawia madaktari wenzake hojaji kuhusu mtazamo wao juu ya surua. Hukaa wodini miaka, mwenye kujua zaidi akiwa nyuma ya bega lake. Kwa nini mwalimu bingwa wa watoto hao hao afuzu bila mtu hata mmoja kumwona akifundisha?

Sehemu ya jibu iko kwenye barabara ya Thika. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliundwa mwaka 1986 kwa msaada wa Denmark, na makao yake yako Kasarani. Hapo ndipo mkono wa mwalimu unapofundishwa kazi: Breli, lugha ya ishara, tathmini ya mtoto. Ukihitimu unapata cheti au diploma. Mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, Kahawa, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, na upande wa pili wa jiji Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi yake ya elimu Kikuyu. Vyuo vikuu ndivyo vinavyotoa shahada za juu. Tumeupa mkono diploma na kichwa uzamili, kisha tunashangaa viwili hivyo havisalimiani. Nimeketi kwenye vikao vya kutetea tasnifu kuhusu ufundishaji wa wasioona ambapo mtetezi hakuweza kusoma mstari mmoja wa Breli, si kwa kidole wala kwa jicho. Hakuna aliyemuuliza. Nami sikumuuliza.

Uganda ilikuwa na taasisi pacha na KISE, nayo ikisaidiwa na Wadenmark, ikiitwa UNISE. Mwaka 2003 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo pamoja na vyuo vingine viwili. Sidai kwamba Kyambogo ni pepo. Lakini kule swali la nani anafundisha Breli na nani anasimamia uzamili linajibiwa ndani ya uzio mmoja.

Kwamba utafiti unaweza kuanzia kwa wenye jambo, tunalo funzo letu la nyumbani. Miaka ya themanini na tisini shule za viziwi zilisukumwa kutumia ishara zilizofuata Kiingereza neno kwa neno, huku watoto wakizungumza lugha nyingine kabisa mabwenini na uwanjani. Mwaka 1991 Chama cha Viziwi kilitoa kamusi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na karibu na wakati huo mradi wa utafiti wa lugha hiyo ukaanza Chuo Kikuu cha Nairobi, ukifanya kazi na viziwi wenyewe. Kazi yao ilikuwa ya kuchosha: kutazama mikono ya watu, kuandika, kurudi kuuliza. Hawakupima mtazamo wa mtu. Mwaka 2010 lugha hiyo ilitajwa katika Katiba, na Ibara ya 120 ikaifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ningefurahi kuona tasnifu moja ya "Vipengele vinavyoathiri" iliyofika nusu ya umbali huo.

Mwalimu mwenyewe simlaumu sana. Anajilipia karo, mara nyingi kwa mkopo wa sacco, na anasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba wakati wenzake wako shambani. Akimaliza, Tume ya Huduma za Walimu haimpandishi ngazi kwa sababu ya shahada. Miongozo iliyofuata mkataba wa tume hiyo na vyama vya walimu wa 2017 hadi 2021 ilikata uzi huo. Kwa hiyo uzamili unamsaidia kufanya jambo moja tu, nalo ni kuondoka. Anapata kazi ya miradi katika shirika lenye ofisi Westlands au Lavington, au anaingia kituo cha binafsi Kileleshwa kinachotoza wazazi kwa saa. Watoto wa kitengo wanabaki na mwalimu anayelipwa na bodi ya shule (BOM). Mwajiri anayeona shahada ya juu haina thamani darasani hana haki ya kushangaa ikikimbia darasa. Lakini vyuo navyo vimempa sababu ya kuiona hivyo, kwa kutoa shahada isiyobadilisha anachofanya mwalimu Jumatatu asubuhi.

Na haja ni kubwa kuliko inavyohesabiwa. Sensa ya 2019 ilikuta watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa KISE, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta asilimia 11.4 ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21 wana ulemavu au mahitaji maalumu ya kielimu. Hesabu hizo hazikupimwa kwa kipimo kimoja, lakini katikati yake wamo watoto ambao karani wa sensa hawezi kuwaona akiwa mlangoni: anayesikia nusu, anayeona herufi zikicheza, anayeitwa mtundu tangu darasa la kwanza. Hao hawako Jacaranda. Wako katika darasa la kawaida lenye watoto sitini, na wanahitaji mtu wa kuwatazama mmoja mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba mtoto mmoja si sayansi, kwamba sampuli ni ndogo. Utafiti wa mtoto mmoja mmoja una kanuni zake na ni mkali kuliko hojaji: unapima kabla, unabadilisha jambo moja, unapima tena kila siku, unaliondoa, unatazama kama tabia inarudi. Unahitaji muhula mzima na daftari, na unamlazimu msimamizi naye kupanda matatu. Nadhani hili la mwisho ndilo kizuizi kikubwa kuliko takwimu.

Kuanzia toleo lijalo, basi, jarida hili halitapokea makala yaliyojengwa juu ya hojaji za mtazamo wa walimu peke yake. Tutapokea makala mafupi, hata kurasa nane, yanayofuata mtoto mmoja au wawili kwa muhula usiopungua mmoja, jina na shule vikiwa vimefichwa. Mwandishi aeleze nani alimwona akifundisha na mara ngapi. Anayeandika kuhusu viziwi aseme ameishika lugha ya ishara kiasi gani, na anayeandika kuhusu wasioona aseme kama anasoma Breli. Ikiwa jambo alilojaribu lilishindikana, alete hivyo hivyo. Na mwishoni pawe na aya moja ya Kiswahili chepesi kuhusu yaliyopatikana, iliyokwisha kusomwa na mzazi wa mtoto. Kama haijamfikia, makala yatarudi kwa mwandishi.